Kazi Ikipungua Kabla ya Kwisha: Mwongozo kwa Mwajiriwa wa Rusimbi na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Nia ilikuwa kuwapa dagaa na migebuka nafasi ya kuzaliana. Mvuvi alijua wazi kilichomkuta, maana chombo kilivutwa nchi kavu na taa zikazimwa. Aliyebaki njia panda ni yule asiyeshika wavu lakini mshahara wake hutoka ziwani: karani wa ghala la dagaa, dereva wa fuso, fundi wa mtambo wa barafu, mpishi wa mgahawa unaoishi kwa mgebuka. Mtu wa namna hii hafukuzwi. Huambiwa tu aje siku tatu badala ya sita, au akae nyumbani mpaka hali itengemae.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Unamhusu mwajiriwa yeyote wa Rusimbi na kata nyingine za Manispaa ya Kigoma Ujiji ambaye kazi yake imepungua lakini haijaisha, iwe sababu ni ziwa kufungwa, mzigo wa Kongo kukwama bandarini, maji kupanda hadi kwenye maghala ya ufukweni au biashara kudorora tu. Unahusu sekta binafsi, kwa sheria za Tanzania Bara.

Je, serikali hufidia mshahara uliopungua?

Hapana. Ni vizuri jambo hili likaeleweka mapema, kwa sababu wengi wanao ndugu ng'ambo waliowasimulia mambo mengine. Uingereza, wakati wa korona, serikali ililipa hadi asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyerudishwa nyumbani, kwa kikomo cha pauni 2,500 kwa mwezi, na mpango huo ulidumu kuanzia Machi 2020 hadi Septemba 2021. Ujerumani inao utaratibu wa kudumu unaoitwa Kurzarbeit: kiwanda kikipunguza saa za kazi, mfuko wa bima ya ajira humlipa mfanyakazi asilimia 60 ya pato halisi alilopoteza, au asilimia 67 akiwa na mtoto. Afrika Kusini nayo ilitumia mfuko wake wa bima ya ajira kulipa wafanyakazi mwaka 2020. Kenya ilipita njia nyingine: kuanzia Aprili hadi Desemba 2020 iliwasamehe kodi ya mshahara wale wanaopata hadi shilingi 24,000 za Kenya kwa mwezi. Hiyo ilimfaa aliyekuwa bado analipwa. Aliyekaa nyumbani bila mshahara haikumpa kitu.

Tanzania haikuanzisha mfuko wa kulipia mishahara wakati wa korona, wala ziwa lilipofungwa mwaka 2024. Kilichopo ni fao la kukosa ajira la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na jina lenyewe linasema: ni la aliyekosa ajira. Mwenye ajira iliyopungua nusu hayumo. Anayelipwa siku tatu kwa wiki, machoni pa Mfuko bado ni mwajiriwa.

Mwandishi wa mwongozo huu anaona kuwa hapo pana pengo ambalo lingeweza kuzibwa. Kufungwa kwa ziwa si tetemeko la ardhi. Tarehe yake ya kuanza na ya kwisha hujulikana kabla, eneo lake linajulikana, na ghala lililosimama halihitaji mchunguzi kulitambua. Kama kuna mahali nchi hii ingeweza kujaribu kulipa sehemu ya mshahara kwa miezi mitatu, ni hapa. Lakini mwongozo ni wa kukusaidia kwa sheria iliyopo, na kwa sheria iliyopo kinga yako ni karatasi: mkataba, makubaliano ya maandishi, stetimenti ya michango.

Mwajiri hawezi kukupunguzia peke yake

Hili ndilo jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui, na waajiri wengi hulisahau kwa makusudi. Siku zako za kazi, saa zako na mshahara wako ni masharti ya mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya masharti hayo. Yakibadilika, anapaswa kushauriana nawe, kuyarekebisha, na kukuarifu kwa maandishi. Tangazo lililobandikwa mlangoni asubuhi ya Jumatatu halitoshi. Ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la kazini hautoshi pia, ingawa usiufute, kwa maana siku moja utakuwa ushahidi.

Kama huna mkataba wa maandishi, usivunjike moyo. Shauri likifika mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuleta mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye.

Kwa upande mwingine, mwajiri naye ana hoja yake, na si vyema kuipuuza. Sheria inaruhusu kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuendeshaji: za kiuchumi, za kiteknolojia au za kimuundo. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka atafute kwanza kila njia mbadala kabla ya kuwaachisha watu. Kupunguza siku za kazi ni mojawapo ya njia hizo. Kwa hiyo mwajiri anapokuja na pendekezo la siku tatu kwa wiki, huenda anafanya hasa kile kanuni zinachomtaka. Mkae mzungumze. Kukataa kabisa bila kutoa pendekezo lako ni haki yako, lakini hatua inayofuata mara nyingi ni meza ya kupunguza wafanyakazi, na huko huendi ukiwa na nguvu zaidi.

Pendekezo la kwanza la kumpelekea ni likizo ya mwaka. Sheria inakupa siku 28 za likizo yenye malipo kamili kwa kila mzunguko wa mwaka. Ziwa likifungwa miezi mitatu, siku 28 ni karibu theluthi ya kipindi chote, na mshahara wako haujaguswa. Mwajiri naye hapotezi, kwa sababu likizo hiyo hata hivyo siku moja angelazimika kukupa au kukulipia. Akiilipa wakati ghala ni tupu, hatakukosa Septemba mzigo utakapojaa. Ni ajabu kuona watu wakikubali miezi mitatu ya nusu mshahara huku wana likizo nzima isiyoguswa.

Kuhusu likizo isiyo na malipo: marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameitambua, lakini kwa makubaliano. Neno hilo lina uzito. Ukirudishwa nyumbani bila kuulizwa na bila kulipwa, hukupewa likizo. Umezuiwa kufanya kazi uliyo tayari kuifanya. Andika barua fupi siku hiyo hiyo kusema uko tayari kufanya kazi, ipeleke ofisini, na upate sahihi ya mpokeaji kwenye nakala yako. Akikataa kusaini, nenda na shahidi, kisha piga picha ya barua na uitume kwa simu ya msimamizi.

Maneno ya kuweka kwenye makubaliano

Wengi huombwa kusaini karatasi yenye sentensi moja: "Nimekubali kupunguziwa mshahara kutokana na hali ya biashara." Usiisaini ikiwa hivyo. Haina mwanzo, haina mwisho, na haina mipaka. Unaweza kupeleka yako. Mfano huu unatosha kwa kazi nyingi, nawe ujaze nafasi zilizo wazi:

"Makubaliano haya ni kati ya (jina la mwajiri) na (jina la mfanyakazi), aliyeajiriwa tangu tarehe (…). Kwa sababu ya (taja sababu), pande zote mbili zimekubaliana kwamba kuanzia tarehe (…) hadi tarehe (…) mfanyakazi atafanya kazi siku (…) kwa wiki na kulipwa mshahara wa shilingi (…) kwa mwezi. Tarehe ya mwisho ikifika, siku za kazi na mshahara wa awali wa shilingi (…) vitarejea bila barua nyingine, isipokuwa pande zote zikubaliane upya kwa maandishi. Makubaliano haya hayakatizi ajira. Michango ya NSSF itaendelea kukatwa na kuwasilishwa. Ikiwa mfanyakazi atapunguzwa kazini wakati wa makubaliano haya au ndani ya miezi (…) baada ya kwisha kwake, notisi, malipo ya likizo na kiinua mgongo vitakokotolewa kwa mshahara wa awali."

Sahihi za pande mbili, tarehe, nakala mbili, shahidi mmoja. Ikiwa mahali pa kazi pana tawi la chama, basi katibu wa tawi aketi nanyi. Viwandani na kwenye biashara ni TUICO, bandarini DOWUTA, hotelini na majumbani CHODAWU, reli TRAWU, usafirishaji COTWU. Usijitenge nao ukidhani utapata masharti mazuri ukienda peke yako kwa bosi.

Sentensi ya mwisho ya mfano huo ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye pesa. Tazama hesabu.

Hesabu ya karani mmoja wa kufikirika

Chukua karani anayelipwa mshahara wa msingi wa shilingi 480,000 kwa siku sita za wiki, mwenye miaka mitano kamili kazini. Mwezi wa kawaida, NSSF yake ya asilimia 10 ni 48,000. Zinazobaki ni 432,000. Kodi ya mshahara haigusi 270,000 za kwanza. Kinachozidi, yaani 162,000, kinatozwa asilimia 8, sawa na 12,960. Mkononi anapata 419,040.

Siku zikikatwa nusu na mshahara ukawa 240,000, NSSF ni 24,000 na kodi ni sifuri, kwa kuwa yuko chini ya 270,000. Mkononi 216,000. Angalia hati yako ya mshahara mwezi wa kwanza wa kupunguziwa: kama kodi bado imekatwa, mhasibu hajabadilisha hesabu, na hiyo ni pesa yako.

Sasa tuseme baada ya miezi miwili kazi haikurejea, karani akapunguzwa kabisa. Kiinua mgongo kwa sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, kwa miaka isiyozidi 10. Kwa 480,000 na siku 26 za kazi kwa mwezi, siku moja ni takriban 18,460. Siku 35 ni kama 646,000. Mwajiri akikokotoa kwa mshahara uliopunguzwa, inakuwa kama 323,000. Tofauti ya shilingi laki tatu na ushei, kwa sentensi moja ambayo haikuandikwa.

Fao la NSSF nalo huenda njia hiyo hiyo, kwani ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa kila mwezi, kwa miezi sita. Kwa 480,000 ni karibu 160,000 kwa mwezi. Kwa 240,000 ni karibu 80,000. Makubaliano yako na mwajiri hayaufungi Mfuko, ambao husoma mshahara uliochangiwa. Ndiyo maana tarehe ya mwisho ni muhimu kuliko kiasi: mwezi mmoja au miwili ya nusu mshahara ni jambo la kuvumilika, lakini mwaka mzima wa nusu mshahara hugeuka kuwa ndio mshahara wako rasmi, kila mahali.

Hesabu hii inaonyesha kitu kingine. Nusu mshahara, 216,000 mkononi, bado ni zaidi ya fao la 160,000. Anayesema "bora wanipunguze nikale fao" afanye hesabu yake kwanza.

Kuna pia sakafu ya malipo. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara kwa sekta binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, hupanga viwango kwa sekta, na hutaja kiwango cha saa na cha siku pamoja na cha mwezi. Mwajiri akipunguza saa anaweza kupunguza malipo ya mwezi, lakini saa uliyofanya kazi haiwezi kulipwa chini ya kiwango cha saa. Wapo wanaopunguza mshahara nusu huku saa zikibaki zile zile, eti "tunabebana". Hiyo si kazi iliyopunguzwa, ni mshahara uliopunguzwa, na ukishuka chini ya kima cha chini hata sahihi yako haiuhalalishi.

Barua ambayo hupaswi kuiandika

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isome hii.

Wakati kazi imepungua, mwajiri humwita mfanyakazi pembeni, kwa upole kabisa. "Mwanangu, andika barua ya kuacha kazi, nikupe chochote cha kusogezea siku. Ziwa likifunguliwa unarudi, nafasi yako ipo." Mfanyakazi anamheshimu mzee wake, ameshakula chumvi yake miaka mingi, anaandika. Pengine mwajiri ana nia njema kweli. Hata hivyo barua hiyo imefanya mambo matatu kwa mkupuo: imefuta kiinua mgongo, kwa kuwa kinalipwa pale mwajiri anapositisha ajira, imefunga mlango wa fao la kukosa ajira, kwa kuwa haliwahusu waliojiuzulu kwa hiari, na imekuondolea hoja ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai kuwa uliachishwa isivyo halali. Ukiitwa tena kazini baadaye, utaanza mwaka wa kwanza.

Jibu kwa adabu, lakini jibu. "Mzee, nashukuru. Naomba barua iandikwe na ofisi, iseme nimepunguzwa kwa sababu ya biashara. Mimi nitaipokea." Mwajiri mwenye nia njema hana cha kupoteza ila gharama ambayo sheria tayari ilimtwika.

Dada yake barua hiyo ni mkataba mpya wa miezi mitatu unaoletwa kuchukua nafasi ya ajira isiyo na kikomo. Siku ya tisini ikifika, mkataba umekwisha wenyewe, na utaambiwa hakuna aliyekuachisha. Makubaliano ya kupunguza kazi kwa muda yanaweza kuandikwa bila kuugusa mkataba wa awali. Shikilia hapo.

Lipo pia tukio la mtu kuona maisha yamekuwa magumu, mshahara haulipwi, simu hazipokelewi, akaamua kuondoka kwa hasira. Sheria inatambua kuwa mwajiri anaweza kuifanya kazi isivumilike hadi mfanyakazi akalazimika kuondoka, na kuondoka huko kukahesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini ni juu yako kuthibitisha. Kabla ya kuondoka, lalamika kwa maandishi, na uzungumze na chama au Afisa Kazi.

NSSF: mambo ya kukagua sasa, si baadaye

Mchango ni asilimia 20 ya mshahara wako. Mwajiri anaruhusiwa kukukata hadi asilimia 10, iliyobaki anatoa yeye. Anatakiwa kuwasilisha ndani ya mwezi unaofuata, na akichelewa anatozwa adhabu. Biashara inapoyumba, pesa ya kwanza kucheleweshwa huwa hii, kwa sababu haina mtu wa kugonga mlango mwisho wa mwezi. Hati ya mshahara itaonyesha umekatwa. Stetimenti ya Mfuko itaonyesha kama imefika. Zilinganishe. Ukiona miezi imeruka, nenda ofisi ya NSSF ya mkoa, mjini Kigoma, na hati zako za mshahara. Kumdai mwajiri ni kazi yao, na kwa kawaida huifanya kwa nguvu ambayo mfanyakazi mmoja hana.

Masharti ya fao la kukosa ajira ni haya kwa ufupi: uwe raia wa Tanzania, uwe umechangia kwa miezi isiyopungua 18, ajira iwe imekoma bila wewe kujiuzulu, uwe hujafikisha miaka 55, na uwe bado hujapata kazi nyingine. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa mkupuo wa nusu ya michango yake. Aliyemaliza fao na kukaa muda wa miezi 18 bila ajira anaweza kuomba michango yake ihamishiwe kwenye mpango wa hiari.

Sasa fikiria binti mwenye miezi 16 ya michango anayekubali likizo isiyo na malipo ya miezi mitatu. Pasipo mshahara hakuna mchango, kwa hiyo anabaki kwenye 16. Akipunguzwa mwishoni mwa likizo, amekosa sharti kwa miezi miwili. Angekubali robo ya mshahara kwa miezi hiyo mitatu badala ya sifuri, angekuwa na 19. Mfanyakazi mpya ahesabu miezi yake kabla ya kukubali lolote.

Bima ya afya nayo iulizwe siku hiyo hiyo ya makubaliano: kadi itaendelea au itafungwa? Usisubiri kulijua jambo hili dirishani katika Hospitali ya Maweni na mtoto mgongoni. Na mwenye mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara aende benki kabla ya mwezi wa kwanza wa nusu mshahara, akiwa na nakala ya makubaliano. Marejesho hayajui kuwa siku zako zimekatwa. Benki husikiliza kwa urahisi zaidi anayekuja kabla ya kukwama. Mwaka 2020 Benki Kuu iliziruhusu benki kupanga upya mikopo ya walioathiriwa na korona, na kupanga upya mkopo si jambo geni kwao.

Mazungumzo yakivunjika

Mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi lazima atoe notisi ya kusudio lake mapema, aeleze taarifa zote zinazohusika, na ashauriane nanyi au chama chenu kuhusu sababu, njia za kuepuka, namna ya kuchagua wa kuondoka, muda, na malipo. Msipokubaliana, shauri linapelekwa kwenye usuluhishi. Mkutano wa dakika kumi ambao majina yalishaandikwa kabla yake si mashauriano. Uliza swali moja na uhakikishe jibu linaingia kwenye muhtasari: "Ni njia gani nyingine mmejaribu kabla ya hii?"

Ukiondoka, unastahili mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo usiyochukua, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi au malipo badala yake, kiinua mgongo kama umetimiza mwaka, hati ya utumishi, na nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama uliletwa kutoka mbali. Angalizo moja: ukipewa kazi nyingine mbadala na mwajiri huyo huyo ukaikataa bila sababu ya msingi, kiinua mgongo kinaweza kupotea.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi mkoani. Shauri la kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara uliokatwa bila makubaliano, ndani ya siku 60. Fomu yake ni CMA F1, na huhitaji wakili kuijaza. Siku hizo hupita upesi kwa mtu anayengoja ahadi ya mdomo. Unaweza kufungua shauri na bado ukaendelea kuzungumza na mwajiri. Mengi humalizika kwenye hatua ya usuluhishi.

Asiye na mshahara

Baharia wa mtumbwi wa dagaa anayelipwa kwa mgawo, mbeba mizigo wa Kibirizi, mama anayeanika dagaa kwa ujira wa siku: sehemu kubwa ya mwongozo huu haiwafikii, na hao ndio wengi ufukweni. Kibarua anayemfanyia mwajiri mmoja miezi kwa miezi asijione yuko nje ya sheria; kuitwa kibarua hakumfanyi asiwe mwajiriwa, na daftari la mahudhurio au miamala ya simu inaweza kuthibitisha. Anayejitegemea kweli anaweza kujiunga na NSSF kwa kuchangia mwenyewe. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Manispaa, uliorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa. Pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kumbuka ni mkopo. Kuuomba ili kula wakati ziwa limefungwa ni kuahirisha njaa hadi Septemba.

Kazi ikirejea

Siku ya kwanza baada ya tarehe ya mwisho, fika kazini kwa ratiba ya zamani, hata kama hujaitwa. Ukiambiwa urudi nyumbani, omba hilo liandikwe. Mwisho wa mwezi linganisha hati ya mshahara na ile ya mwezi wa mwisho kabla ya kupunguziwa: msingi, posho, NSSF, kodi. Waajiri husahau kurudisha posho. Kisha, baada ya mwezi mmoja zaidi, chukua stetimenti ya NSSF na uone kama mshahara uliochangiwa umepanda tena, kwa maana hicho ndicho kiwango kitakachotumika ziwa likifungwa tena na safari hiyo ghala lisifunguliwe.